Kigelegele cha Nyamizi

Walinipa kiti chenye mto. Mimi, mchoma matofali wa Kipalapala, niliyeacha shule darasa la tatu, wakaniketisha juu kabisa ya Uwanja wa Unyanyembe, nyuma ya kioo, wanapokaa wakubwa, na soda yenye barafu wakaniwekea pembeni. Mke wangu alipokuwa hai, wakimzungusha nchi na nchi awapigie vigelegele, walikuwa wakimkalisha juani kwenye zege. Kafa, mumewe ndiye kapewa mto. Ndivyo walivyo watu wa Mamlaka ya Kandanda. Wanakuheshimu ukishawafia.

"Shikamoo, mzee Luhende," akasema Daktari Salha. Huyu ni binti mwembamba wa miwani, na sauti yake ya chini kama ya mtu anayeongea karibu na mtoto aliyelala.

"Marahaba."

"Safari haikukuchosha?"

"Nimetoka Kipalapala hapo, mama. Sikutoka Ulaya."

Akatabasamu kidogo. Akafungua kikasha, akatoa kitu cha duara, cheusi, ukubwa wa kifuniko cha chupa, akakiweka kiganjani mwangu. Kilikuwa cha uvuguvugu kama yai lililotoka kutagwa.

"Hili ndilo kufuli. Ukiweka dole gumba hapa, sauti ya marehemu inatoka kwenye spika zote za uwanja. Ukiinua, inakatika. Halimtambui mtu mwingine yeyote, hata mimi niliyelitengeneza."

"Na nisipoweka?"

"Haitoki."

"Basi haitatoka," nikasema, nikanywa soda yao.

Nilikuwa nimeapa. Na nilipoapia palikuwa na watu.

*

Nusu fainali ilitukuta kwenye matanga, hatujayaanua. Wanaume tulikuwa nje chini ya turubai, wanawake ndani. Jirani yetu alikuwa amefungua runinga, lakini kwa sauti ndogo, kwa heshima ya msiba. Simlaumu. Timu ya Muungano wa Maziwa, Tandala wetu, nusu fainali ya Kombe la Bara, nani angevumilia?

Ghafla msibani kikalia kigelegele.

Kwetu nyumba yenye matanga haipigwi kigelegele, hata mtoto analijua hilo. Watu wakatazamana. Kisha tukakitambua. Kilikuwa cha marehemu mwenyewe, yule tuliyemfukia juzi kwa mikono yetu, kinatoka kwenye runinga ile, kinapita juu ya ukuta wa jirani, kirefu, kimekatika katikati pale alipozoea kuvuta pumzi. Ndani shemeji yangu akaanguka. Mimi niliinuka peku, nikakimbia, nikaenda kujibamiza ukutani kwa jirani nikiita, "Nyamizi! Nyamizi!" Mzee mzima, mbele ya waombolezaji. Vijana wawili walikuwa wameshaanza kushangilia goli, wakaona hali ile, wakaikalia mikono yao.

Walinirudisha kwenye mkeka wakiwa wamenishika makwapa. Hapo ndipo nilipoapa. Nikasema hao waliomkohoza mke wangu mpaka akafa, niliowaambia mpumzisheni huyu mama kifua kinambana, wakampa asali na tangawizi na kumpandisha ndege nyingine, hao hawatamtumia tena hata kwa sekunde. Nikaenda redioni nikapiga kelele. Wakubwa wa mpira wa dunia wakasikia, maana nao wanaogopa aibu kuliko dhambi. Wakatoa amri: sauti ya marehemu haitatoka uwanjani mpaka mrithi wake awepo pale pale, aifungue kwa mkono wake, kila mara.

Ndiyo maana ya mto na soda siku hii ya fainali. Mimi ndiye niliyeshika mlango.

*

Kabla ya mpira kuanza niliomba kwenda msalani. Nikiwa nanawa, mchezaji mmoja akaingia akichechemea, jezi ya kijani, bandeji gotini. Aliponiona akasimama, akapiga makofi mawili madogo, kama wanavyoamkia watu wa kwao Kasulu.

"Shikamoo, babu. Mimi Bitaliho."

Nani asiyemjua Elikana Bitaliho? Winga wa kushoto. Lakini mimi nilimjua kwa njia nyingine.

"Aa! Kumbe ni wewe mume mwenzangu?"

Akacheka mpaka akashika sinki. Nyamizi aliporudi kutoka kambini hakuwa na hadithi nyingine: Bitaliho kala karanga zangu zote, Bitaliho kanifunikia kanga ndegeni, huyu ndiye mume wangu sasa, wewe Luhende umezeeka, nenda kwa matofali yako.

"Bibi alinipenda zaidi, babu, kubali tu."

"Alikupenda kwa sababu hakuwahi kukufulia soksi. Muulize nani... basi, hakuna wa kumuuliza."

Kicheko kikatuishia wote wawili. Akaegemea ukuta, akanyoosha ule mguu wenye bandeji.

"Babu, gusa hapa." Akanishika kidole, akakipeleka nyuma ya sikio lake. Chini ya ngozi palikuwa na kitu kigumu, kidogo, cha mviringo. Ushanga. Nilikuwa nikiusikia tu kwa watu. "Timu zote wanao. Wale wa Saheli tunaocheza nao leo wamefunzwa kwa baragumu la mzee wao. Sisi, bibi. Akiita, huu unafunga mlango wa maumivu, na mwili unatoa akiba yake yote. Anapoita ndipo unafungwa, akinyamaza unafunguka. Lakini humo katikati, babu, mguu si wako. Unakimbia kama umeazima mwili wa mtu."

"Si ndiyo raha yenyewe?"

"Raha. Nusu fainali nilisikia goti limelia ka! Nikageuka nimwone nani kaumia, nimpe pole." Akatabasamu upande. "Kumbe mimi."

"Mwambie kocha wako."

"Anayesemasema anatolewa ushanga. Na asiye na ushanga hata timu ya kata haimtaki. Acha nicheze hivi hivi. Nikiumwa nitasimama, nitatoa pasi, nitajificha pembeni. Maumivu ndiyo breki yangu, babu. Bibi akiita sina breki, na goti hili likiondoka leo halirudi. Na mlango ukishafunguka, dawa haziingii, sindano ya ganzi inakuwa kama maji ya kunywa, mpaka mwili utulie wenyewe." Akanitazama. "Wameniambia kufuli unalo wewe. Usibonyeze."

Nilijisikia mkubwa. Kwa mara ya kwanza tangu msiba nilijisikia nina mgongo.

"Mwanangu, hata wanichinje."

Akapiga tena makofi yake mawili, akatoka akivuta mguu.

*

Mpira ulichezwa. Sitausimulia wote, mlioona mliona. Paa la uwanja lilikuwa linageuka taratibu kulifuata jua, kivuli kikihama nusu hii kwenda nusu ile, na watu wetu wa kijani wamejaa mpaka ngazi hazionekani. Ng'ambo, nyuma ya kioo kama changu, niliona kikongwe wa Saheli na baragumu lake mapajani. Kila alipolipuliza wale vijana wake walikuja kama moto wa nyika. Wakapata goli hivyo. Sisi tukasawazisha kwa kona, kichwa tu cha kawaida, bila uchawi wa mtu. Ikawa bao moja moja. Bitaliho alikuwa anajificha pembeni kama alivyosema, anatoa pasi, anajikunja, anashika goti. Mashabiki wakaanza kumzomea. "Mlete bibi! Mlete bibi!" wakaimba, uwanja mzima, wakikielekea kioo changu.

Mkurugenzi Kabwogi wa Mamlaka akaja. Suti ya kijani, kitambaa cha kujipangusia mkononi.

"Mzee wangu, nchi nzima inakutazama wewe."

"Nchi nzima haikuja kwenye matanga. Wewe pia sikukuona."

"Tulituma shada la maua."

"Lilikuwa la plastiki. Mbuzi wa jirani alilijaribu akalitema."

Daktari Salha akainama kuficha uso. Kabwogi akajipangusa.

"Mzee, hili ni jambo la kitaifa. Marehemu mwenyewe angependa."

"Marehemu alipenda kulala, mkamnyima."

Nasema kweli, nilinogewa. Kumnyima mkubwa kitu anachokitaka ni utamu ambao sikuwahi kuuonja maisha yangu yote. Akabembeleza, akatisha, akabembeleza tena, mimi nimekunja mikono, kufuli limelala juu ya paja langu kama kobe. Mwisho akatoka akibamiza mlango. Nikamwambia Daktari Salha aniongeze soda.

Akaniongezea. Kisha hakuondoka. Akachuchumaa karibu na kiti changu, kama wanavyofanya mabinti wenye adabu wakiwa na neno zito.

"Mzee, mimi sitakuomba ubonyeze. Lakini ni haki yako ujue. Kipenga cha mwisho kikilia, sauti ya mama inafutwa."

"Inafutwa wapi?"

"Kila mahali. Kwenye mitambo yetu, na huko runingani na kwenye simu za watu ilikofungiwa tangu amri itoke. Ile amri uliyoidai ndivyo inavyosema. Mashindano yakiisha, marehemu apumzike. Haibaki hata pumzi."

"Nani aliwaambia wafute?"

Alikuwa na huruma usoni, na ile huruma ilinichoma kuliko vitisho vya Kabwogi.

"Basi nichezee pembeni. Chumbani huko, mimi peke yangu. Kidogo tu, halafu mfute."

"Kufuli linafunguka mpira ukiwa unachezwa, mzee. Nje ya hapo ni kipande cha plastiki."

Akaondoka, akaenda kusimama kwenye mitambo yake.

Sasa nieleweni. Nyumbani nina kanga zake. Nina picha. Nina kijiko chake cha upawa kilichoungua mpini. Sauti sina. Simu yake walichukua wao, eti mali ya Mamlaka. Na asubuhi ya siku ile ile, nikioga, nilijaribu kumsikia kichwani akiniita, "We Luhende, maji yanapoa," na sauti iliyokuja ilikuwa ya dada yake. Nikajaribu tena. Ya dada yake. Nilisimama na povu machoni, nimeshika kopo, namtafuta mke wangu ndani ya kichwa changu mwenyewe na simpati.

Niliangalia saa kubwa ya uwanja. Ilikuwa inakwenda zake.

Nikatazama chini. Bitaliho alikuwa ameketi kando ya mstari, mkono juu, anaomba atibiwe. Nikajiambia: ameshaketi huyo. Aliyeketi atakimbia vipi? Nikajiambia: mara moja, fupi, kama kuonja chumvi. Nikajiambia mengi. Bitaliho akainua uso, akakitafuta kioo changu, na kwa mbali ile aliniona nimelishika kufuli kwa mikono miwili. Akatikisa kichwa. Taratibu, kwa heshima, kama mtu anayemkataza mzee asijisumbue kuinuka.

Nikaweka dole gumba.

*

Kilianzia chini, kooni, kama alivyokianza siku zote, kama maji yanayotafuta njia. Kikapanda. Kikajaa uwanja wote, kikagonga paa, kikarudi, na kioo changu kikatetemeka. Alikuwepo. Nasema alikuwepo, pembeni yangu, mkono mmoja kiunoni na mwingine mdomoni. Katikati kikakatika, pale pa kuvuta pumzi, na ndani ya ule mkato nikasikia kikohozi, kidogo, alichokificha wasikisikie. Mimi nilikisikia. Kisha akaendelea.

Watu walikuwa wamesimama, lakini sikuwaona. Taifa sikulikumbuka. Waliosema baadaye redioni kwamba mzee Luhende aliweka uzalendo mbele ya uchungu wake, waongo.

Bitaliho aliinuka kama aliyevutwa kwa kamba. Uso wake bado ulikuwa unakataa, lakini miguu ilishaondoka. Alipokea mpira, akampita wa kwanza, akampita wa pili, akaingia ndani kwa ule mguu wa bandeji, akaukita chini, akapiga kwa mwingine. Nyavu zikacheza. Na pale alipokita, goti likageuka upande usio wake, kama mlango uliong'oka bawaba, akaanguka.

Hakujua. Aliinuka akicheka. Akaanza kukimbia kuja upande wangu, mikono hewani, na mguu ukijikunja nje kila hatua, ukirudi, ukijikunja. Skrini kubwa ikamwonyesha. Shangwe zikaanza kufa jukwaa baada ya jukwaa, kama taa zinazozimwa, mpaka kikabaki kigelegele peke yake.

"Achia!" Daktari Salha alipiga kelele. "Mzee, achia, ataanguka, achia aumie asimame!"

Nilimsikia. Sisemi sikumsikia.

Lakini Nyamizi alikuwa na kawaida yake. Mwisho wa kigelegele huwa anacheka. Kicheko kifupi, cha puani, kama aliyejiaibisha kwa furaha yake. Sikuwa nimekifikia. Kilikuwa hapo mbele kidogo, na sitakisikia tena duniani. Kwa hiyo nikakandamiza. Kijana akiusaga mguu wake kwenye nyasi, akinipungia mkono, mimi nilikandamiza mpaka kucha ikawa nyeupe.

Nyamizi akacheka.

Ndipo nikaachia.

Bitaliho akasimama ghafla. Akautazama mguu wake kama kitu alichokikuta njiani. Kisha mlango ukafunguka, na ukelele alioutoa haukuhitaji spika.

*

Tulishinda. Kipenga kilipolia Kabwogi aliingia akanikumbatia, jasho lake likaniingia shingoni, akasema, "Nilijua wewe ni mtu mzima, mzee wangu." Vijana wakanibeba mabegani, wakaimba jina langu, wengine wakaligusa dole gumba langu kwa baraka. Niliwaomba wanishushe. Wakadhani natania.

Walipochoka nilishuka mwenyewe mpaka chumba cha matibabu. Niliufuata ukelele.

Alikuwa amelala kwenye kitanda chembamba, wauguzi wawili wamemkandamiza mabega. Daktari Salha alikuwa na sindano mkononi, nyingine tatu zimetupwa sakafuni, tupu. Aliponiona aligeuza uso kwenye ukuta. Mguu ulikuwa umefunikwa kwa taulo, na taulo halikukaa kama linavyokaa juu ya mguu.

"Hazimwingii," akasema, si kwangu hasa. "Mpaka mwili utulie. Hata sijui ni lini."

Bitaliho alifumbua macho. Nilingoja anitukane. Niliomba anitukane.

"Babu," akasema, meno yakigongana. "Mwite bibi."

"Mwanangu..."

"Mwite. Kidogo tu. Afunge."

Nikalitoa kufuli mfukoni. Lilikuwa la baridi. Nikaweka dole gumba, nikainua, nikaweka, nikalifuta kwenye shati, nikaweka. Daktari Salha akasema, "Mzee, imeshafutwa." Nikaweka tena. Mlangoni watu walikuwa wamejazana, wenye vitambulisho shingoni, wengine bado wana bendera.

"Babu, tafadhali."

Kwetu mwanamume hapigi kigelegele. Hata akichekwa hapigi, hata akilewa. Na mimi bado nilikuwa na matanga nyumbani. Nilipiga magoti sakafuni, karibu na lile sikio lenye ushanga, nikaweka mkono mdomoni kama nilivyomwona akiweka, nikautoa ulimi, nikapiga.

Kilitoka kama mbuzi anayechinjwa. Mlangoni mtu akacheka, akanyamazishwa. Nikameza mate, nikapiga tena, nikijaribu kukianzia chini, kooni, nikijaribu kukikata katikati pale anapovuta pumzi. Uso ulikuwa unaniwaka. Hata pale katikati nilikohoa, nikidhani labda ni kikohozi ndicho ushanga unachokingoja.

Bitaliho alikuwa amefumba macho, anasikiliza kwa nguvu zake zote, kama mgeni anayejitahidi kuielewa lugha. Chozi likamteremkia mpaka sikioni.

"Siyo hiyo, babu," akasema.

Nikapiga tena.